Supu Ikipoa Haijafa

Mwaka jana nilikwenda mjini kumsalimu binti yangu. Jioni moja alitupikia wali, samaki na supu ya mboga: karoti, nyanya, pilipili hoho na mchicha kidogo. Ilibaki nusu sufuria, akaifunika na kuitia katika jokofu. Asubuhi nikamkuta mjukuu wangu anaimwaga yote katika sinki.

"Kulikoni, mwanangu?" nikamwuliza.

"Babu, imeshapoa hii. Haina tena vitamini."

Kisha akachukua kopo juu ya jokofu, akatoa kidonge kikubwa, akakitumbukiza katika glasi ya maji. Kikachemka povu kama sabuni. "Shikamoo Babu, kunywa hii. Ni vitamini C." Nikaitikia marahaba, nikanywa, kwa kuwa wema wa mtoto haukataliwi. Lakini, ndugu msomaji, ile glasi nayo ilikuwa baridi! Vitamini ya dukani ikiwa baridi ni dawa. Vitamini ya mama yake ikiwa baridi ni takataka. Hili ndilo linalonikera, nami sitalinyamazia.

Nianze na hoja yenyewe. Ubaridi hauui vitamini. Kama ungeua, tusingehifadhi mboga katika majokofu. Maadui wa vitamini C ni moto wa muda mrefu, hewa, maji tunayoyamwaga, na magadi. Vitamini hii huyeyuka katika maji. Mboga ikichemshwa, sehemu yake kubwa huhama kutoka kwenye jani na kuingia kwenye mchuzi. Ndivyo zifanyavyo pia folati na madini ya potasiamu. Kwa hiyo anayekula jani na kumwaga mchuzi amekula ganda na kutupa tunda.

Ni kweli kwamba supu iliyolala hupungukiwa vitamini C kidogo kidogo, na ukiipasha tena hupungua zaidi. Lakini kupungua si kwisha. Tena chuma, kalisi, potasiamu na nyuzinyuzi haziruki hewani kwa sababu moto umezimwa. Na ile rangi ya karoti na mchicha, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haihitaji joto la bakuli. Inahitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee.

Wapo watu ambao supu baridi ya mboga kwao ni chakula cha heshima. Kusini mwa Hispania, katika jimbo la Andalusia, wana supu iitwayo gazpacho. Hutwanga au kusaga nyanya mbichi, tango, pilipili hoho na kitunguu saumu, wakatia mkate mkavu uliolowekwa, mafuta ya zeituni, siki na chumvi. Haipikwi kabisa. Ilikuwa chakula cha vibarua wa mashambani katika jua kali, na mpaka leo hunywewa wakati wa kiangazi. Hapo usicheke, msomaji. Chukua kachumbari yetu, uitwange kinuni pamoja na maji safi na mafuta, utakuwa umekaribia kabisa.

Tuipime. Gramu 100 za nyanya mbichi zina miligramu kama 14 za vitamini C. Tango ni maji, karibu asilimia 95, halina mengi. Lakini hoho nyekundu hupita miligramu 100 katika gramu 100. Mtu mzima anahitaji miligramu 45 kwa siku kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Basi nyanya mbili za kiasi na nusu ya hoho nyekundu zinatosha siku nzima, hata wakigawana watu wawili. Je, kopo lile la vidonge lilinunuliwa kwa shilingi ngapi?

Sasa niungame, maana anayenyoosha kidole na aonyeshe kwanza mikono yake.

Mwaka 1975, nikiwa mwalimu kijana, nilikaa na kikundi cha wanakijiji kuizunguka redio, tukifuatilia kampeni ya Chakula ni Uhai. Niliwahimiza akina mama kuhusu mboga za majani kwa sauti ya mtu anayejua. Miaka karibu 20 baadaye nikawa mkuu wa chuo cha ualimu, mahali pakavu ambapo kuni zilikuwa ghali. Wapishi wakaniomba ruhusa ya kutia magadi katika kabichi na mchicha, ziive upesi. Nikaangalia hesabu ya kuni, nikakubali. Hesabu ya chakula sikuiangalia. Magadi hulainisha mboga na kuipa rangi nzuri, lakini huharibu vitamini C na vitamini B1. Kisha yale maji yalimwagwa mferejini nyuma ya jiko, na hapo palikuwa na migomba. Migomba ile ilinawiri kuliko wanachuo.

Msimu mmoja wa kiangazi, wanachuo kadhaa walikwenda zahanati, fizi zinatoka damu. Muuguzi akaja ofisini kwangu, hakuketi. Akaniuliza jambo moja tu: "Mkuu, mboga mnazipikaje?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeweka sahihi yangu mwenyewe.

Tukaacha magadi katika mboga za majani. Kabichi ikakatwa dakika za mwisho, ikapikwa kwa maji machache chini ya kifuniko, na mchuzi wake ukaletwa bwaloni pamoja na ugali. Wanachuo walinung'unika; waliuita maji ya kuoshea sufuria, na mara nyingi ulifika mezani umepoa. Nikakaa nao, nikaunywa mbele yao. Malalamiko ya fizi yalipungua. Sitadai kwamba ni kazi ya mchuzi peke yake, kwa kuwa machungwa nayo yalikuwa yameingia sokoni. Lakini maji yale hayakurudi kwenye migomba.

Asije mtu akanielewa vibaya. Sisemi supu ya mboga ni mlo kamili. Protini yake ni chache na nguvu yake ni ndogo, hivyo iandamane na maharage, samaki, mayai au karanga. Sisemi pia kila maji ya mboga yanywewe: kisamvu kina sumu, lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri sufuria ikiwa wazi. Wala sisemi supu iachwe jikoni mpaka kesho. Kupoa ni jambo moja, kuchacha ni jingine. Supu iliyokaa katika joto la chumba zaidi ya saa mbili ni shamba la vijidudu. Ifunikwe na iingie katika jokofu mapema. Asiye na jokofu apike ya kutosha mlo mmoja. Na anayetaka kula mbichi, aoshe kwa maji salama.

Ninachokipinga ni ujinga uliovaa nguo za elimu. Mjukuu wangu amesoma kuliko mimi. Neno "vitamini" analitamka vizuri, lakini amefundishwa kwamba linakaa ndani ya kopo. Sisi walimu tuliomfundisha hivyo, kwa maneno au kwa mfano wetu, tuna deni.

Siku niliyoondoka nilimwomba binti yangu anipikie supu ileile. Nikaacha bakuli langu lipoe mbele ya mjukuu wangu, nikalinywa lote, nikampa kijiko. Akaonja. Akasema inahitaji ndimu. Nikamwambia, "Sasa umeanza kusoma."