"Wasiojulikana" au "Hawajajulikana"? Sarufi ya Uhalifu Usiofumbuliwa Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Wanaisimu wa Kiswahili wameandika mengi kuhusu mnyambuliko wa vitenzi, lakini ni nadra kuufuatilia hadi katika taarifa za polisi na kurasa za magazeti. Makala haya yanadai kwamba maneno yanayotumika kuwataja wahalifu jijini Dar es Salaam yamekuwa sehemu ya sababu za uhalifu huo kutofumbuliwa.

2.0 Jina kabla ya hukumu

Katika msongamano wa Kariakoo, ukelele mmoja wa "Mwizi!" hutosha kukusanya umati. Mtu huyo akifa, gazeti huandika kuwa aliuawa na "wananchi wenye hasira kali". Kirai hiki kina mtenda, ila ni mtenda asiyekamatika: ni wengi, hawana majina, na hasira yao imetangulizwa kama udhuru. Marehemu naye hubaki mwizi, ingawa Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa.

Dola nayo imewahi kutumia sarufi hiyohiyo. Tarehe 14 Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi walikamatwa na polisi Sinza, kisha wakauawa katika msitu wa Pande. Umma ulitangaziwa kuwa waliouawa ni majambazi waliorushiana risasi na askari. Tume iliyoundwa na Rais Kikwete chini ya Jaji Mussa Kipenka ilibainisha kuwa hawakuwa majambazi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru washtakiwa, akiwemo aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, Abdallah Zombe. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kuachiwa kwa Zombe, lakini ikamtia hatiani ofisa mmoja, Christopher Bageni.

Ilichukua tume, kesi na rufaa, katika muda wa miaka kumi, kulifuta neno moja. Neno "mtuhumiwa" limebeba kauli ya kutendwa. Hudokeza kuwa yupo anayetuhumu, na kwamba tuhuma yaweza kukanushwa. "Jambazi" halina nafasi hiyo. Ni hukumu iliyovaa joho la nomino.

3.0 Mtenda aliyefutwa

Kuanzia mwaka 2017, kirai "watu wasiojulikana" kilishika nafasi ya pekee. Kilitumika Tundu Lissu alipopigwa risasi Dodoma, Septemba 2017. Kikatumika mfanyabiashara Mohammed Dewji alipotekwa Dar es Salaam, Oktoba 2018. Na kikarejea Septemba 2024, Ali Kibao aliposhushwa ndani ya basi na mwili wake ukaokotwa Ununio.

Muundo wa kirai hiki unastahili kuchunguzwa. Kwanza, "julikana" ni kauli ya kutendeka. Kauli ya kutendwa hukubali kutajiwa mtenda: "aliuawa na fulani". Kauli ya kutendeka kwa kawaida haimhitaji mtenda, hivyo msomaji haulizi: hawajulikani na nani? Na mpelelezi? Na shahidi? Pili, kirejeshi kikanushi "wasio-" hakina kiambishi cha njeo. Kutojulikana huko hakuna mwanzo wala mwisho. Huwa sifa ya kudumu ya wahusika, kama urefu au rangi.

Yaweza kujibiwa kwamba mwandishi hana budi kusema hivyo, kwani kumtaja mtu bila ushahidi ni kumkashifu. Hoja hii ni ya kweli, lakini Kiswahili kina njia nyingine: "watu ambao hawajajulikana". Kiambishi "-ja-" hukanusha tendo huku kikilitarajia. Kwa silabi hiyo moja, kutojulikana hugeuka kuwa kazi ambayo haijakamilika, na kazi isiyokamilika ina mwenyewe wa kuulizwa.

4.0 Hitimisho

Sarufi haimkamati muuaji. Hata hivyo, jamii iliyozoea kusema "wasiojulikana" imekwisha kuwasamehe wapelelezi wake kabla hawajaanza kazi. Walimu wa Kiswahili, wanaowafunza wanahabari na maofisa wa kesho, wana wajibu wa kuirejesha "-ja-" mahali pake. Familia ambayo haijamwona ndugu yake haisemi kwamba harudi, husema hajarudi.