Stelingi Naye Hufa

Kila mtoto aliyepata kukaa mbele ya senema, awe wa Kibokoni, Malindi au Lamu, aijua kanuni moja isiyoandikwa popote: stelingi hafi. Apigwe risasi, atupwe baharini, afungiwe ndani ya nyumba inayowaka moto, mwisho wa picha atatokea akijipangusa vumbi na watu watapiga makofi. Kanuni hiyo imedumu tangu siku za picha za Kihindi na za kareti, na yadumu hata leo ambapo watoto huzitazama picha hizo katika simu za mama zao.

Wasomaji wapenzi, nataka tuzungumze juu ya picha ya Kikenya iliyothubutu kuivunja kanuni hiyo. Isitoshe, stelingi wake si mwanamume mwenye misuli. Ni mtoto wa kike wa miaka tisa, tena mgonjwa.

Mashujaa wa kike wenye nguvu za ajabu si jambo geni ulimwenguni. Wonder Woman alibuniwa Marekani mwaka 1941 na William Moulton Marston, na picha yake ya mwaka 2017, iliyoongozwa na mwanamke, Patty Jenkins, iliingiza zaidi ya dola milioni 800. Hata Umoja wa Mataifa, mwezi wa Oktoba 2016, ulimteua kiumbe huyo wa katuni kuwa balozi wa heshima wa wanawake na wasichana. Wafanyakazi wa Umoja huo wenyewe walipinga, wakisema kwamba mwanamke aliyevaa nguo fupi za kubana hafai kuwa kielelezo cha mabinti wa dunia nzima, na kufikia Desemba mwaka huo huo ubalozi wake ulikuwa umekwisha. Basi wazazi wetu wa pwani wanaponung'unika juu ya mavazi ya mashujaa hao wasidhaniwe kuwa ni watu wa zamani. Waliyoyasema wao barazani yalisemwa pia New York.

Lakini kunung'unika peke yake hakumpi mtoto kitu cha kutazama. Ndiyo maana naileta kwenu Supa Modo.

Picha hii iliongozwa na Likarion Wainaina na ikaonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la senema la Berlin, Ujerumani, mwezi wa Februari 2018, ambako majaji watoto waliitaja kwa heshima. Mwaka huo huo Kenya iliichagua kuiwakilisha nchi katika mashindano ya Oscar. Wachezaji wake husema Kiswahili, Kiingereza na Kikikuyu, wakichanganya kama wasemavyo watu wa bara majumbani mwao. Kijiji chao chaitwa Maweni, na wenzetu wa Kongowea wasidhani ni Maweni yao. Hiki ni kijiji cha kubuni.

Stelingi ni Jo, aliyechezwa na Stycie Waweru. Jo ana maradhi yasiyo na tiba, na mamake amemtoa hospitali ili siku zake za mwisho azimalize nyumbani. Mtoto huyu apenda mno picha za mapigano na mashujaa wanaoruka angani. Dada yake, Mwix, anamwambia kwamba yeye naye ana nguvu hizo, kisha anawashirikisha wanakijiji mmoja mmoja katika njama hiyo ya mapenzi. Watu wazima wenye shughuli zao wanaacha kazi na kujitia kuamini. Mama, ambaye ni mkunga, hakubali. Yeye ataka mwanawe alindwe, alale, asichoke. Mwishowe moyo wake unalainika, na kijiji kizima kinaungana kutengeneza picha ya senema ambayo Jo ndiye shujaa wake. Mauti yanamfikia Jo kabla kazi haijakamilika.

Naam, stelingi anakufa. Wala hakuna muujiza unaomfufua.

Najua lipo swali litakaloulizwa na msomaji Mwislamu, tena ni swali la haki: je, hapo mtoto hakudanganywa? Dini yetu haikuufanyia mzaha uongo, hata ule wa kumbembeleza mtoto. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba mama mmoja alimwita mwanawe aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) akamwuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu kwamba ni tende. Akaambiwa kuwa lau hangempa chochote angeandikiwa uongo mmoja. Ikiwa tende moja ina hesabu yake, itakuwaje nguvu za kuruka angani?

Mimi naona picha yenyewe imelijibu swali hilo kwa njia mbili. Kwanza, Jo si mjinga. Ajua kwamba anakufa. Anachokitaka si kuambiwa kwamba atapona, bali ni kucheza na kuwa mtu katika siku zilizobaki. Mchezo unaojulikana na wote kuwa ni mchezo haulingani na uongo, kama vile mtoto aliyepanda fimbo akaiita farasi hajamdanganya mtu. Pili, watazameni watu wa Maweni mwishoni. Walianza kwa kujisingizia, wakaishia kwa kutenda. Picha waliyoitengeneza ilikuwa kitu cha kweli, chenye kazi na jasho ndani yake. Hiyo ndiyo tende iliyotolewa mkononi.

Uongo ninaouogopa mimi ni mwingine, nao umo majumbani mwetu. Mtoto anapougua maradhi mazito, damu au kansa, wakubwa hunong'onezana nje ya mlango. Wageni huja kwa wingi, maana kumzuru mgonjwa ni sunna tuliyoishika vizuri, lakini huzungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Mama huulizwa, mtoto haulizwi. Huambiwa kwamba kesho atapona, na yeye aona machozi katika macho ya bibi yake. Wenzake wa chuoni hukatazwa kuja kumchosha. Hivyo mtoto huyo hufa kabla ya kufa kwake, kwa upweke, katikati ya nyumba iliyojaa watu.

Kumtegemea Mola si kumnyima mgonjwa furaha. Ajali ya mja i mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na hakuna shujaa wa senema atakayeichelewesha hata kwa saa moja. Nawajibu hapo na wale wanaochelea kwamba picha za nguvu za ajabu zaharibu imani ya watoto. Picha nyingi za namna hiyo zampa kiumbe uwezo usio wake, na hofu yao ina msingi. Hii yafanya kinyume. Yamwonyesha mwanadamu asiye na nguvu yoyote mbele ya mauti, kisha yauliza: je, jirani zake wana kazi gani?

Kwa hiyo nasema hivi. Waalimu na wazazi wenye kumbi, televisheni na nafasi siku ya Jumamosi waitafute picha hii, waitazame kwanza wao wenyewe, kisha wakae na watoto waitazame pamoja. Wasiwaachie peke yao. Yataka mkubwa wa kujibu maswali. Na watoto wakiuliza mbona stelingi amekufa, wasibadilishiwe mazungumzo. Wajibiwe kweli, kwa upole.

Halafu litazameni pande la mtaa wenu. Haikosi nyumba moja yenye mtoto asiyetoka. Huyo hahitaji kijiji kizima kimtengenezee senema. Apelekewe rafiki wa kucheza naye karata au bao nusu saa, na apewe mkubwa mmoja atakayemwuliza yeye mwenyewe, si mamake, leo ataka nini. Jibu lake likiwezekana, litimizwe leo leo. Mgonjwa haahidiwi kesho.