Programu Ikinyamaza, Mtumiaji Huzima Mashine

Leo nina jambo linalonikera sana, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikiandikia kikundi kimoja cha wafugaji kule Balambala, Garissa, programu ndogo ya kutunza daftari la chanjo za mifugo. Ilikuwa programu ya kusakinisha kwenye Windows, si ya kivinjari, kwa sababu mtandao ulikuwa wa kubahatisha na umeme ulikuwa wa sola. Vijana walirudi kutoka malishoni na orodha, zikaingizwa kwenye Excel, kisha karani anabonyeza "Pakia" na programu inahamisha kila kitu kwenye hifadhidata. Mimi nilijaribu na mistari 200. Sekunde moja, imekwisha! Nikajipongeza.

Msimu wa chanjo ulipofika, karani akaleta faili ya mistari zaidi ya 8,000. Akabonyeza. Dirisha likaganda, likapauka, juu yake yakatokea maneno kwamba programu haijibu. Akangoja. Akanywa chai. Akabonyeza tena na tena. Mwishowe akashikilia kitufe cha kuwashia mpaka laptopu ikazima, kisha akanipigia simu: "Walaal, programu yako imekufa."

Haikuwa imekufa. Ilikuwa inachapa kazi vizuri tu, ila haikumwambia mtu. Karibu nusu ya mistari ilikuwa imeshaingia, na alipopakia upya nusu ile ikaingia mara mbili. Mzee mmoja mwenye mbuzi 60 akaonekana ana 120. Na dozi za awamu iliyofuata zilikuwa ziagizwe kwa hesabu hiyo! Tulikaa siku mbili tukilinganisha na vitabu vya mkono.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwenye kompyuta, mshindo wenyewe ni wa mtu anayezima mashine.

Kwa nini dirisha huganda? Chukua mfano wa duka la mtu mmoja. Mteja anaomba sukari, mwenye duka anaingia stoo kupima magunia yote, na kaunta inabaki bila mtu. Wateja wanaita, hakuna jibu. Programu yako ina thredi moja kuu inayokaa kaunta: inachora dirisha, inapokea kipanya na kibodi. Ukiipa kazi ya kusoma mistari 8,000, imeingia stoo. Windows ikiona dirisha halijapokea ujumbe kwa sekunde 5 hivi, humwambia mtumiaji kwamba programu haijibu. Haisemi uongo.

Dawa ni kuajiri kijana wa stoo, yaani thredi ya pili. Lakini kuna sharti ambalo wengi hulisahau: kijana wa stoo haruhusiwi kugusa kaunta. Vitufe, lebo na mstari wa maendeleo huguswa na thredi kuu peke yake. Kijana anapaza sauti tu, "Nimefika gunia la 40," na mwenye duka ndiye anayemwambia mteja.

Vifaa vya kufanya hivyo si vipya. .NET 2.0 ilileta BackgroundWorker mwaka 2005: kazi inakaa kwenye DoWork, unaita ReportProgress, na tukio la ProgressChanged linafika kwenye thredi kuu. Java 6 ilikuja na SwingWorker mwaka 2006. Tangu 2012 watu wa C# wana async na await pamoja na Progress<T>, ambayo unapaswa kuiunda ukiwa kwenye thredi kuu ili ijue habari irudi wapi. Kwa hiyo visingizio hatuna.

Kuna njia ya mkato ninayoiona kila mara: kutupia Application.DoEvents ndani ya kitanzi. Nami niliijaribu. Dirisha linapumua, kweli, lakini mtumiaji anaweza kubonyeza "Pakia" tena wakati upakiaji wa kwanza haujaisha, na sasa una matatizo mawili. Achana nayo.

Kosa lingine ni kupiga kelele kupita kiasi. Toleo langu la pili liliripoti kila mstari mmoja. Ujumbe 8,000 ukamiminika kwenye thredi kuu, dirisha likaganda upya! Ripoti kila asilimia moja, au mara chache kwa sekunde. Jicho la binadamu halihitaji zaidi.

Na jambo ninaloliamini kuliko yote: sema ukweli. Mstari unaokimbia hadi asilimia 99 kisha ukakaa hapo dakika kumi ni uongo wenye rangi ya kijani. Kama unajua jumla, andika "Mstari 3,200 kati ya 8,140". Kama hujui, onyesha idadi uliyofikia na jina la faili, usibuni asilimia. Jakob Nielsen aliandika mwaka 1993 kwamba baada ya sekunde 10 hivi mtu hupoteza umakini na kutaka kufanya jambo lingine. Karani wangu alifanya jambo lingine: alizima mashine.

Mwisho, weka kitufe cha "Sitisha" kinachofanya kazi kweli, na uandishi wote uwe muamala mmoja: ama yote yaingie, ama lisiingie hata moja. Maana hata ukionyesha maendeleo vizuri, betri itaisha siku moja. Mstari wa maendeleo humtuliza mtu. Muamala hulinda daftari. Unahitaji vyote viwili.

Najua kuna atakayesema, "Hii ni programu ndogo, ya ofisi moja, kwa nini nijisumbue?" Ndugu yangu, hiyo ndogo ndiyo inayohitaji zaidi. Mtumiaji wa Nairobi ataita fundi wa ghorofa ya chini. Wa Balambala yuko peke yake na laptopu, na barabara ya Garissa mjini si ya kwenda na kurudi kwa sababu ya dirisha lililopauka.

Toleo la tatu lilipofika, nilimwuliza karani kama sasa ina kasi zaidi. Akasema, "Inachukua muda uleule. Lakini sasa naiona inatembea, naenda kuswali nikirudi nimeikuta imemaliza."