Waridi katika Sahani ya Ufipa

Kabati la kioo ni fahari ya sebule nyingi za Sumbawanga. Ndani yake zimepangwa sahani nyeupe zenye waridi na ukingo wa rangi ya dhahabu, zikingoja mgeni wa heshima au siku ya harusi. Mwenye nyumba huziita za Kizungu. Zikigeuzwa, chini pameandikwa China. Wako wenye elimu ambao hucheka hapo kwamba mnunuzi kadanganywa, na humwusia arudie chungu. Kicheko chao hakina msingi, na usia wao haufai, kwani chungu hakikuacha kazi yake jikoni.

Sahani ya Kichina yenye sura ya Ulaya si hila ya jana. Mwaka 1635 Waholanzi waliokuwa Taiwan waliwapa wafanyabiashara wa Kichina vielelezo vya mbao, ili wafinyanzi wafuate maumbo yaliyozoeleka katika meza za Uholanzi. Katika karne ya 18 mabwana wa Uingereza walipeleka Guangzhou michoro ya nembo za koo zao. Kaure nyeupe iliyochomwa Jingdezhen ikatiwa nembo hizo kwa rangi. Wachoraji walifuata kielelezo kwa utii mkubwa, hata mara nyingine wakanakili juu ya sahani majina ya rangi yaliyoandikwa kuwaongoza tu! Ufundi ulikuwa wa Mchina. Amri ilikuwa ya mnunuzi.

Basi aibu haimo katika kununua. Wazee wa Kunduchi walinunua sahani za China wakazipachika katika nguzo za makaburi yao, wakazifanya zao. Aibu imo katika kununua kwa kimya. Kanga ilipigwa chapa Ulaya, Japani na India, lakini jina lake likawa Kiswahili, kwa kuwa wenye maduka wa pwani waliagiza hivyo, na wanawake walikataa nguo isiyowapendeza. Kiwanda kilitii. Kwa nini kiwanda cha sahani kisitii?

Ufipa haikukosa cha kuchorwa. Uwanda huu ulisimamisha malungu, yale matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma; watu wake walifuma nguo za pamba; mashamba yake huzaa ulezi, na ugali wa ulezi huo leo hupakuliwa juu ya waridi. Mchoraji wa China hawezi kuyajua malungu asipopelekewa picha, kama vile mwenzake wa zamani asivyozijua koo za Uingereza.

Wachuuzi hujitetea kwamba kiwanda hakisikilizi mteja mdogo. Ni kweli kwa duka moja. Lakini bidhaa zao hupandishwa katika malori yale yale, hupita Mbeya na Tunduma kwa barabara ile ile, na hushushwa katika soko lile lile. Wameweza kushirikiana nauli. Kielelezo kimoja hawajapata kukiandika. Mwenye duka la jumla huulizwa bei ya dazeni, naye huuliza dazeni ngapi, na hapo maongezi huisha.