Kasongo: Mtambo wa pombe uanze na kipimajoto, umeme ufuate baadaye

Mama anayepika lutuku katika vijiji vya Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, hana kifaa cha kumwambia joto la pipa lake. Anapima kwa kidole, kwa macho na kwa harufu. Uji wa mahindi na muhogo ukipoa vya kutosha anautia kimea, anaufunika, anauacha uchachuke siku kadhaa. Kisha unaingia pipani, moto unawashwa, mvuke unapita kwenye mrija uliozamishwa ndani ya maji baridi na pombe inadondoka kwenye bidoni. Kazi hiyo inamla usiku kucha na kuni nyingi.

Marekani na Ulaya wapo watu wanaofanya hatua ya kwanza ya kazi hiyo kwa kujifurahisha tu. Wanapika bia nyumbani, ndani ya garaji, kwa mtambo wa umeme unaojiendesha: masufuria matatu ya chuma kisichoshika kutu, pampu moja au mbili, na sanduku la swichi ukutani. Ndani ya sufuria kuna kipashio cha umeme ambacho mara nyingi ni cha wati 5,500. Mwenye mtambo anaandika nyuzi 66, anakwenda kufua nguo, akirudi anakuta nyuzi ni 66. Sheria ya shirikisho iliyowaruhusu kupika bia nyumbani ilisainiwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Pombe kali haikuingizwa katika ruhusa hiyo.

Mitambo hiyo imejaa kwenye video, na kijana wa Kasongo mwenye simu na vifurushi vya intaneti anaweza kuiona. Akitamani kuijenga, hana kosa. Mafundi wapo: garaji za pikipiki zina watu wanaolehemu, wanaosuka upya mota zilizoungua na wanaounganisha paneli za jua na betri kuukuu. Tatizo linaanza pale anapotaka kuuiga mtambo mzima kama ulivyo. Wenye mtambo huo wana umeme ukutani saa 24. Kasongo hakuna.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kuchemsha lita 50 za maji kutoka nyuzi 25 hadi yachemke kunahitaji takriban kilowati-saa 4.4, bila kuhesabu joto linalopotea hewani. Ukiongeza saa nzima ya kuchemka, au muda wa kutoa lita kumi za mvuke, unafika kilowati-saa 8 hadi 10 kwa pipa moja. Paneli ya wati 300 ikipata saa tano za jua kali inatoa kilowati-saa 1.5. Pipa moja basi linakula jua la karibu wiki nzima, na taa ya nyumbani haijawashwa, wala simu ya jirani haijachajiwa. Jenereta ingeweza, lakini petroli inayofika Kasongo kwa barabara zile ingemeza faida yote kabla bidoni halijajaa.

Umeme wa maji upo Maniema. Kituo cha Rutshurukuru, upande wa Kalima, kilijengwa enzi za migodi ya bati. Lakini Kalima na Kindu ziko kaskazini, na anayesubiri nyaya zishuke hadi Kabambare asiahidi tarehe.

Kwa hiyo mtambo ule ukatwe vipande viwili. Kuna sehemu inayotoa joto na kuna sehemu inayoamua joto liwe kiasi gani. Ya kwanza ndiyo mlafi wa umeme. Ya pili, yaani kihisi joto, kidude cha kudhibiti na pampu ndogo ya volti 12, haifiki wati 30. Kwa saa tano za kazi inahitaji chini ya wati-saa 150, na paneli ya wati 50 inaimudu na kubakiza. Moto ubaki wa kuni au makaa, ila uwe ndani ya jiko la udongo lililofunikwa vizuri, na upulizwe na feni ndogo kama ile ya kompyuta. Joto likipungua, kidude kinawasha feni, likifika, kinaizima. Huko Marekani wachoma nyama hutumia ujanja huohuo kwenye majiko yao ya makaa. Wahunzi wa Maniema waliujua kabla yao, tofauti ni kwamba mvukuto wao uliendeshwa na mikono ya mtoto.

Faida inaonekana mapema. Vimeng'enya vya kimea hugeuza wanga kuwa sukari vizuri kwenye nyuzi 65 hivi. Ukizidisha sana vinakufa, na wanga uliobaki haugeuki pombe: mahindi yamepotea, muhogo umepotea, kuni zimepotea. Kidole cha mama mzoefu kinakaribia sana, hilo lazima likubaliwe. Kidole cha binti yake anayejifunza hakikaribii. Kipimajoto cha kawaida, hata bila feni na bila paneli, kinafuta sehemu kubwa ya tofauti hiyo, na ndicho cha kununua kwanza.

Kuna jambo ambalo video hazisemi kwa sauti ya kutosha. Mvuke wa pombe unashika moto. Anayepika bia peke yake garajini anaweza kufunga mlango akawasha umeme, akakumbana na unyevu tu ukutani. Anayepika lutuku kwa makaa ndani ya garaji lililofungwa anachezea moto, na pia anachezea hewa ya sumu ya makaa ambayo haina harufu. Kazi hii ifanyike nje, chini ya paa lisilo na kuta, bidoni likiwa mbali na jiko. Na garaji lina kishawishi kingine: radieta kuukuu ya gari. Inaonekana imeumbwa kwa ajili ya kupoza mvuke. Viungio vyake vimelehemiwa kwa risasi, na risasi hiyo inaingia kwenye pombe kidogo kidogo, kisha kwenye damu na ubongo wa mnywaji. Mrija safi wa shaba usio na viungio vya risasi ni ghali zaidi, lakini hapo pa kubana matumizi sipo.

Wengine watauliza kwa nini kuwasaidia wapika pombe kabisa. Kasongo ni mji wenye Waislamu wengi, na msikiti una neno lake juu ya kilevi ambalo hakuna kipimajoto kitakachoubadilisha. Neno hilo liheshimiwe. Hata hivyo lutuku inapikwa leo, itapikwa kesho, na mara nyingi inapikwa na wanawake ambao fedha hizo ndizo karo ya watoto. Serikali ilitangaza elimu ya msingi bure mwaka 2019; sekondari bado inalipiwa. Mzazi wa Kabambare asiye na mgodi wala mshahara anatafuta karo hiyo mahali fulani, na pipa ni mojawapo ya mahali hapo.

Marufuku yenyewe ni ya kizamani kuliko wanaoitekeleza. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka mipaka ya pombe kali katika ukanda mkubwa wa Afrika, na ule wa Saint-Germain wa 1919 ukakataza utengenezaji wake na hata uingizaji wa mitambo. Wakoloni waliondoka, katazo likabaki, na lutuku ikabaki pia. Matokeo yake ni kwamba mpikaji anajificha porini, anatumia pipa lolote analopata bila kuuliza lilibeba nini jana, na askari akimkuta anatoa faini isiyo na risiti. Hapo hakuna anayelindwa, mnywaji wala mpikaji.

Uganda ilijaribu njia nyingine. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 iliwataka wapikaji wa enguli wawe na leseni na wauze pombe yao kwa kiwanda, ambako ilisafishwa na kutiwa chupani kwa jina la Uganda Waragi. Wengi hawakuifuata sheria hiyo, wakaendelea kuuzia majirani. Na mwaka 2010, katika eneo la Kabale, waragi iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 80. Methanoli ya kuua watu kwa idadi hiyo haitoki kwenye mahindi ya mama. Ni kemikali ya viwandani inayoongezwa na mfanyabiashara anayetaka kilevi cha haraka. Leseni peke yake haikumzuia. Mpikaji anayejulikana, anayepika hadharani na kuuza kwa jina lake, ndiye mgumu kumpenyezea kemikali hiyo, kwa sababu wateja wanajua mlango wa kugonga.

Sekta na uchifu za Kasongo na Kabambare hazihitaji kusubiri Kinshasa ili kuanza na kidogo: daftari la wapikaji, ada moja yenye risiti badala ya faini kumi zisizo nayo, na mlehemu mmoja wa garaji aliyefundishwa kutofautisha risasi na vifaa visivyo na risasi. Kipimajoto na kipimo cha ukali wa pombe vinaweza kununuliwa kwa ushirika wa wanawake kumi na kuzunguka kutoka jiko hadi jiko. Feni na paneli zifuate pale ambapo wawili watatu wameshaona kuni zinapungua. Na kijana mwenye simu asikatishwe tamaa na hesabu ya umeme. Apewe pipa moja, kihisi kimoja na miezi mitatu, na mama mzoefu akae kando yake amkosoe.