Mjumbe wa Shule ya Mtoto Wako ni Nani?

Ndugu wafanyakazi,

Wengi wetu tunafanya kazi hapa Mombasa, lakini tumejiandikisha kupiga kura kwetu bara. Ukimwuliza mzazi mbunge wake ni nani, anamtaja wa kwao. Lakini vyoo vya shule vikijaa, au watoto wakikaa chini kwa kukosa madawati, mbunge huyo wa mbali atatusaidia nini? Anayehusika ni mjumbe wa mahali shule iliposimama.

Kwanza, jueni mpaka. Zamani Mikindani ilikuwa katika jimbo la Changamwe. Tangu uchaguzi wa 2013 iko Jomvu, pamoja na Miritini na Jomvu Kuu. Mzazi wa Mikindani akipeleka shida ya shule kwa mbunge wa Changamwe, amebisha mlango wa jirani. Asiyejua wadi wala jimbo la shule na amwulize mwalimu mkuu, au afike ofisi ya Tume ya Uchaguzi.

Pili, jueni kazi ya kila mjumbe. Katiba ya 2010 iliigawa elimu. Shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni kazi ya kaunti. Kwa hayo, mtafuteni mjumbe wa wadi katika Bunge la Kaunti. Shule za msingi na za sekondari ni kazi ya serikali kuu. Kwa hayo, mtafuteni mbunge wa jimbo. Mwakilishi wa wanawake wa kaunti naye ana kiti katika Bunge la Taifa, basi msimsahau.

Tatu, msiende mmoja mmoja. Kwa tajiri hatuombi nyongeza ya mshahara kila mtu peke yake, na shuleni ni vivyo hivyo. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Andikeni barua, wazazi watie sahihi, na nakala muiweke.

Basi, kila mzazi aje katika mkutano ujao wa tawi na majina mawili: la mjumbe wa wadi na la mbunge wa mahali shule iliposimama. Tukishayajua majina, tutajua wa kumdai. Mtoto hawezi kungoja mpaka uchaguzi mwingine.

Umoja ni nguvu.