Ukihamia Bondeni, usiache dawa nyuma

Wengi waliougua kifua kikuu hutaka kuhama mara tu wapatapo nafuu. Kijijini wamenyooshewa vidole vya kutosha. Katika mtaa kama Bondeni, hapa Nakuru, hakuna ajuaye kwamba juzi walikuwa wakikohoa damu. Sikulaumu, msomaji. Ugenini mtu hurudishiwa jina lake.

Lakini hesabu miezi. Tiba ya kawaida ni miezi 6: dawa za aina 4 kwa miezi 2 ya kwanza, kisha aina 2 kwa miezi 4. Nguvu na hamu ya chakula hurudi mapema, viini vingali mapafuni. Ukikatiza, vilivyosalia vyaweza kuwa sugu, na tiba ya pili ni ndefu na ngumu zaidi.

Kwa hivyo, kabla ya kufunga godoro, mwombe muuguzi barua ya uhamisho. Dawa hizi hutolewa bila malipo katika hospitali za umma, za Nakuru zikiwemo. Mwambie pia jirani mmoja, akukumbushe.

Nawe mwenye ploti, usimfukuze mpangaji kwa sababu umeona vidonge. Anayemeza dawa zinazomfaa bila kukosa kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya wiki chache. Mwogope yule aliyeacha kuzimeza kwa kuhofia utamwona.